Harusi ya Ghorofa ya Tisa

Mambo yaliharibika Jumamosi ya pili ya mwezi wa nane, mchana, chakula kikiwa kimeshaiva na viti vya kukodi vimeshapangwa uani.

Jengo lilikuwa na ghorofa saba. Hilo halikuwa na ubishi. Liliandikwa kwenye kibao cha mlangoni, chini ya jina la Mamlaka ya Majengo, na mtu yeyote aliyewahi kubeba mtungi wa gesi mpaka juu angekuambia ni saba, na kwamba ya saba iko mbali kuliko nyingine zote ukizijumlisha.

Fundi Sofa aliishi ya saba. Kibanda chake cha kazi kilikuwa chini, nyuma ya ngazi. Hapo alivua vitambaa vilivyochakaa, akabadilisha sponji na springi, akapigilia misumari midogo aliyokuwa akiibana kwenye midomo. Kwa sababu ya misumari hiyo alizoea kuongea kidogo. Mkewe, ambaye jengo zima lilimwita Mama Mito kwa kuwa ndiye aliyeshona mito ya makochi, alikuwa akiongea kwa niaba ya wote wawili.

Lifti ya jengo ilikuwa imekufa muda mrefu. Wakubwa wa Mamlaka wana kawaida yao: kitu kikiharibika wanakitia kufuli, kikipona wanakikatia utepe. Kati ya kufuli na utepe watu hupanda ngazi. Mama Mito alifia katikati hapo. Mguu ulikuwa umevimba, pumzi imekata, akashushwa na majirani akiwa amekaa kwenye kiti cha mikono alichokishona mumewe, na walipofika baina ya ghorofa ya nne na ya tatu akasema wamtue kidogo apumzike. Walimtua. Ofisini walisema poleni sana, kifaa cha lifti kiko njiani.

Kifaa kilifika baada ya msiba, kwa sababu kulikuwa na mgeni rasmi anakuja. Hata hivyo hakikuwa kipya. Mafundi wa Mamlaka walikwenda kwenye jengo la ghorofa tisa lililokuwa likibomolewa, wakang'oa ubao wa vitufe, wakaja kuufunga. Nyaya zilikuwa fupi, hazikufika. Badala ya kutafuta nyaya ndefu waliugeuza ubao kichwa chini, miguu juu, zikafika. Kitufe cha kwenda chini kikawa juu kabisa, na cha ghorofa ya tisa kikawa chini kabisa. Cha nane na cha tisa wakavibandika utepe mweusi wa umeme, kwa kuwa havikuwa na kazi. Mgeni rasmi akakata utepe mwingine, mwekundu, akapigiwa makofi, akaondoka na gari lake bila kupanda hata ghorofa moja.

Wakazi walijifunza siku ileile. Ukitaka kushuka, bonyeza juu. Ukitaka kupanda, bonyeza chini, lakini usifike kwenye utepe. Walijifunza kama walivyokwisha kujifunza kula kwa mshumaa na kuoga kwa kopo.

Shangazi wa bibi harusi hakuwa mkazi. Alikuwa dada yake Fundi Sofa, alitoka mji mwingine kwa ajili ya harusi, na miwani aliisahau kitandani kwa haraka ya kupaka wanja. Mkononi alishika keki. Aliingia kwenye lifti pale ya saba na bibi harusi, binti wa kaka yake, akaikunja shela isibanwe na mlango, akatafuta kitufe cha chini kabisa, akakibonyeza. Utepe mweusi ulikuwa umeshabanduka kwa joto. Hata wewe ungebonyeza hapohapo.

Lifti ilitii. Ilipanda.

Fundi Sofa hakuwamo. Tangu mkewe afariki alikuwa ameinunia lifti hiyo, hapandi, na siku hiyo pia alishuka kwa ngazi na suti yake ili akampokee binti yake mlangoni. Bwana harusi, ambaye alikuwa mwoka mikate, alisimama pembeni yake amevaa viatu vinavyombana. Wapiga muziki walikuwa tayari. Fundi Sofa akaiita lifti. Ikashuka, mlango ukafunguka, ndani hamna mtu. Kulikuwa na ubaridi mzuri na harufu ya vitunguu vinavyokaangwa.

Simu ya Fundi Sofa ikalia.

"Kaka," alisema shangazi, "sisi tumefika, lakini tumefika juu. Tuko ya tisa."

"Jengo lina ghorofa saba."

"Basi njoo uzihesabu wewe. Ya nane tumeipita, ina kufuli. Hii ya tisa iko wazi."

"Keki je?" aliuliza bwana harusi, aliyeioka mwenyewe na hakulala.

"Keki nzima. Vuteni subira, binti anataka kusema na baba yake."

Mtandao huko juu ulikuwa mzuri kuliko uani. Sauti ya binti ilisikika kama yuko chumba cha pili.

"Baba, mama yuko huku."

Fundi Sofa aliihamisha simu kutoka sikio moja kwenda la pili.

"Anaendeleaje?"

"Mguu umepona. Ananifunga vifungo vya mgongoni, anasema shangazi kavipishanisha."

"Mwambie asikaze sana."

"Baba, tunataka kushuka. Sasa huku nje ya lifti hakuna kitufe cha kuiita. Ukuta mtupu. Mtu apande kutoka huko atufuate."

Ombi lilikuwa dogo. Bwana harusi akatia mguu mmoja ndani ya lifti, na hapo ndipo taa yake ilipozimika. Bwana Funguo, msimamizi wa jengo aliyewekwa na Mamlaka, alikuwa amesikia maneno "ghorofa ya tisa" akiwa kwenye sahani yake, akaacha kula, akaenda kukata umeme wa lifti na kufunga chumba cha mota. Alirudi na shada lake la funguo kiunoni na mfupa mkononi.

"Mzee, usinielewe vibaya," alimwambia Fundi Sofa. "Ghorofa ya tisa haimo kwenye ramani. Mtu akifika mahali ambapo hapapo, kesho akavunjika mguu, nitaulizwa mimi. Tusubiri mkaguzi, Jumatatu."

"Harusi ni leo."

"Ndiyo maana nakwambia mapema."

"Mwanangu yuko huko."

"Kwa karatasi za ofisi hayuko huko, kwa sababu huko hakuna huko." Bwana Funguo akautazama ule mfupa, akaona bado una kitu, akarudi mezani.

Baada ya hapo harusi ilianza kuoza polepole kama ndizi. Wapiga muziki walipiga wimbo mmoja wa kungojea, kisha wakafunga vyombo. Wageni waliokula wakasema wana safari. Wageni ambao hawajala wakala, nao wakawa na safari. Mama yake bwana harusi aliuvuta mkoba wake kwapani na kusema kwa sauti ya kusikika mpaka ng'ambo ya barabara:

"Mimi niliambiwa kuna harusi. Sikuambiwa kuna mnara."

"Mama, polepole," mwanawe alimwambia.

"Polepole ipi? Mkwe wangu kapanda juu kabla hajawa hata mkwe! Akiwa mkwe ataishia wapi?"

Fundi Sofa alikwenda kukaa kwenye ngazi ya kwanza. Mkewe, siku zile za kitandani, alimwomba jambo moja tu: binti yao aolewe kwa shangwe, watu wajae, asije akaozwa kimyakimya kama mtu aliyekosa. Na sasa viti vya kukodi vilikuwa vikikunjwa kimoja kimoja, pa, pa, pa, na kila pa ilimwingia.

Bwana harusi alikuja kukaa pembeni yake, akavua viatu.

"Nenda nyumbani, mwanangu," alisema Fundi Sofa. "Hawa watu walininyima lifti nikazika mke. Leo wamenipa lifti, nimezika harusi. Sina la kukuambia."

"Mzee, mimi nimekuja kuoa. Mlango ukifungwa upande huu, nasubiri upande ule."

"Mpaka Jumatatu?"

"Unga wangu naukanda leo, mkate unaliwa kesho. Kusubiri ndiyo kazi yangu."

Fundi Sofa alimtazama vizuri, nadhani kwa mara ya kwanza tangu posa. Ndipo simu ikalia tena. Alikuwa binti, anaongea haraka kwa sababu chaji ya shangazi ilikuwa inakwisha.

"Baba, pandeni juu ya paa. Na mfungisha ndoa aje. Mama anateremsha kamba."

Mfungisha ndoa alikuwa mtu mnene mwenye magoti mabaya, na lifti ilikuwa imezimwa, kwa hiyo alipanda akipumzika kila ghorofa na kuilaumu serikali moja kwa kila pumziko, ya sasa na zilizotangulia, kwa mpangilio. Nyuma yake alipanda Fundi Sofa, kisha bwana harusi na soksi zake, kisha wale wageni wachache ambao hawakuwa na safari. Baina ya ya tatu na ya nne Fundi Sofa aliondoa mkono kwenye reli, kama alivyofanya siku zote, akaurudisha walipopita.

Juu ya paa kulikuwa na matangi ya maji, antena zilizolegea na kinyesi cha njiwa. Juu zaidi kulikuwa na mbingu tupu, ya buluu, bila wingu. Kutoka kwenye mbingu hiyo ilining'inia kamba ya kuanikia nguo, ya nailoni, na vibanio viwili vimebaki juu yake. Mfungisha ndoa aliivuta kidogo kuona kama imefungwa vizuri. Ilikuwa imefungwa vizuri.

"Fundi," ilisema sauti kutoka juu. "Umekonda."

"Napika mwenyewe," alisema Fundi Sofa.

"Ndiyo maana."

Wageni wakaanza kuyaangalia matangi ya maji kana kwamba wametumwa kuyakagua.

"Nilikushusha taratibu," alisema Fundi Sofa. "Tuliogopa kukutikisa. Pengine tungekimbia."

"Mlishuka vizuri. Na kiti kilikuwa kizuri. Usijitafune kwa hilo, una mambo mengine ya kutafuna. Yuko wapi huyu kijana?"

"Nipo, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Nasikia unaoka."

"Naoka, mama."

"Mwanangu hapendi mkate wa juzi. Ujue kabisa. Haya, mwenye kufungisha aanze, tusije tukachukuliwa na giza."

Mfungisha ndoa alifuta jasho, akafikiri. Bwana Funguo alikuwa amepanda nyuma yao kwa hofu ya kuachwa na jambo, akasema ndoa ya namna hiyo haiwezekani, bibi harusi hayupo jengoni.

"Wewe," alisema mfungisha ndoa, ambaye bado alikuwa na hasira ya ngazi, "mimi kazi yangu inataka watu wawili wasikizane na mashahidi wasikie. Haijataka waonane. Wapo waliooana wakionana kila siku na hawajasikizana mpaka leo."

"Huyo ni shemeji yangu anamsema," alisema mgeni mmoja, na watu wakacheka kwa mara ya kwanza tangu mchana.

Pete ilitiwa kwenye kopo dogo la kuokea, kopo likafungwa kwenye kamba, kamba ikapanda. Ilifika mahali, kopo likapotea, kamba ikabaki inatikisika. Mfungisha ndoa aliuliza maswali yake akiwa ameinua uso na kukinga macho kwa kiganja. Bwana harusi alijibu akitazama juu pia, shingo imemkaza. Njiwa mmoja akatua kwenye tangi.

"Nimekubali!" ilisema sauti ya binti. "Na pete imeingia!"

Makofi yalipigwa. Waliokuwa juu ya paa walikuwa wachache, makofi yao yalikwisha mapema, lakini ya juu yakaendelea. Yalikuwa mengi, ya watu wazima na watoto, kama ukumbi uliojaa. Fundi Sofa alisikiliza. Alitambua kikohozi cha mwalimu mstaafu wa ghorofa ya tano. Alitambua pia sauti ya yule mama wa ghorofa ya sita ambaye uchungu ulimshika mvua ikinyesha, na karibu naye kulia kwa kichanga.

"Mke wangu, mko wengi hivyo?"

"Tumejaa. Wa jengo letu na wa majengo mengine ya Mamlaka."

"Mnafanya nini huko?"

"Tupo foleni. Tunangoja lifti." Alisema hivyo kama mtu anayesema anangoja maji yachemke. "Leo ilipofunguka tukajua ni yetu. Tukaona shela, tukapisha."

Kwa bahati nzuri hapo keki ikaanza kuteremka, vipande vipande, ndani ya lile kopo. Wa juu walikuwa wameikata kwa haki, nusu kwa nusu. Mama yake bwana harusi, aliyekuwa amebaki chini kwa kususa, alipoambiwa keki inagawiwa alipanda ghorofa zote saba bila kupumzika. Alipofika akapokea kipande, akatazama juu, akasema kwa adabu:

"Mama mwenzangu, hatujaonana."

"Tutaonana tu, usiwe na haraka," ilijibu sauti, na mama yake bwana harusi akaona jibu hilo lina busara ndani yake.

Mpiga muziki mmoja alikuwa bado hajapata usafiri. Akaitwa. Wakacheza juu ya zege baina ya matangi, na juu yao miguu mingi ikacheza kwenye sakafu isiyoonekana, vumbi jeupe likawadondokea mabegani. Wapita njia waliinua vichwa, wengine wakapanda kuja kucheza. Jua lilipozama paa lilikuwa limejaa watu, na Fundi Sofa, ambaye hakuwa mchezaji, alikuwa ameishika ncha ya kamba na kuicheza hivyohivyo, huku upande wa pili ikivutwa na mtu anayeujua mwendo wake. Bwana harusi alicheza peke yake mikono imekunjwa kama amemshika mtu. Juu, kwa mujibu wa shangazi, binti alicheza vivyo hivyo.

Jumatatu mkaguzi alikuja na mkoba, bisibisi na futi ya kupimia. Bwana Funguo akafungua chumba cha mota. Mkaguzi alipanda lifti peke yake, akabonyeza kitufe cha chini kabisa, mlango ukajifunga. Alikaa huko muda wa mtu kunywa chai bila haraka. Aliposhuka alikuwa na makombo ya keki kwenye tai, na nyuma yake alikuwepo shangazi, na nyuma ya shangazi binti, na gauni lake limejikunja kidogo tu. Bwana harusi alikuja mbio kutoka kwenye tanuri, mikono imejaa unga, na alama za viganja vyake zikabaki kwenye mgongo wa lile gauni, wala hazikufuliwa baadaye.

"Mkaguzi aliuzuia mlango kwa mkoba wake, usijifunge," shangazi alimwambia kaka yake. "Watu walikuwa wamejipanga vizuri, wagonjwa mbele. Mama Mito alikuwa wa tatu. Wakamwomba awateremshe. Akasema hawezi, eti mtu akifariki upangaji wake umekwisha, na lifti ni ya wapangaji."

Fundi Sofa akamgeukia mkaguzi. "Umeona nini huko?"

"Jengo lina ghorofa saba," alisema mkaguzi.

"Na hawa wawili umewatoa wapi?"

"Ndani ya lifti." Hapo alisema kweli.

Akatoa kipande cha bati, akakipigilia juu ya vitufe viwili vya chini kwa skrubu ambazo vichwa vyake vilisagwa ili zisifunguke. Ubao wenyewe haukugeuzwa. Wakazi bado wanabonyeza juu ili kushuka.

Tangu wakati huo Fundi Sofa hupanda paani kila jioni akitoka kazini. Kamba ipo. Hupeleka chai kwa kopo, na kopo hurudi likiwa limeoshwa. Kwa kuwa kusimama foleni kunachosha, amewashonea vigoda, kimoja kimoja, vyenye sponji nzuri, na Mama Mito humrudishia visivyokaa sawa na kumwambia arudie. Siku hizi hata msumari mdomoni haumzuii kuongea. Binti na mumewe hupanda Jumapili na mkate wa siku hiyohiyo, na mikate mingine ya wale wa juu. Fundi amenenepa kidogo. Mkewe ameona.

Asubuhi, kabla ya kufungua kibanda, huvaa ile suti ya harusi na kwenda ofisi za Mamlaka. Karani amempeleka kwa afisa, afisa kwa mkuu wa idara, mkuu wa idara kwa msaidizi wa mkurugenzi, na wote wamemwambia jambo moja, kwa upole, kwamba huko juu hakuna mtu. Yeye hawabishii. Hukaa kwenye benchi lao, ambalo springi zake zimeshatoka, akamsubiri anayefuata, na akiitwa ndani huuliza swali lake lilelile: kama huko juu hakuna mtu, lile bati mlimpigilia nani?